Naomba ushauri: nasomea utabibu Tanga, video za mtandaoni zimenisaidia lakini wodini nakwama

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nasomea utabibu mwaka wa pili hapa Tanga, naishi Makorora. Tangu nianze nimeegemea sana video za mtandaoni. Zile jozi 12 za neva za kichwani darasani zilinipita; nilizishika kwa kutazama video mara nne, tano, narudisha nyuma kila nilipopotea. Mwalimu huwezi kumrudisha nyuma hivyo.

Shida imeanza wodini. Nimezoea vipimo vya Marekani, kwamba sukari ya kabla ya kula ikifika miligramu 126 kwa desilita ni kisukari. Juzi mgonjwa alikuwa na 7.0, nikasema imeshuka mno. Kumbe ni kiwango kilekile, ila sisi tunasoma kwa milimoli kwa lita. Niliogopa sana, maana yule ni mama wa watu. Na kupapasa bandama iliyovimba, video haikufundishi mkono.

Bando nalo halinifikishi wiki.

Mliotangulia, mligawaje muda kati ya video, vitabu na wodi? Kuna masomo ya mtandaoni yanayofuata mwongozo wa matibabu wa Tanzania? Mtihani wa vitendo ni mwezi ujao.