Ukingo wa mfinyanzi uliostahimili mafuriko, kisha ukaanguka maji yaliposhuka: naomba ushauri

Mkulima wa Bondeni: Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninalima mahindi wilayani Kilosa, kando ya kijito kinachoingia Mto Mkondoa. Udongo wetu ni ule mweusi wa mbuga, unaonata kwenye jembe wakati wa masika na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Wazee walitufundisha kwamba kinacholiwa na maji ni mchanga, na kwamba mfinyanzi husimama. Msimu huu ukingo ulisimama kweli kwa siku tatu za mafuriko, lakini maji yaliposhuka ukameguka mapande makubwa na kuondoka na mistari minne ya mahindi. Shamba hili tumeachiwa na marehemu baba, na ninaumia kuliona likipungua. Ni nini kinachoula ukingo huu, nami nifanye nini kabla ya vuli?

Fundi Mifereji: Pole sana, ndugu. Wazee wako walisema kweli, ila kwa udongo usio na nyufa. Punje ya mchanga hutulizwa na uzito wake tu, ilhali chembe za mfinyanzi, ambazo hazifiki milimita 0.002, hushikana zenyewe kwa zenyewe, na ndiyo maana mkondo unaozoa mchanga laini kwa urahisi unaweza kuupita mfinyanzi ulioshikamana bila kuung'oa. Zikishang'oka, hata maji ya polepole huzibeba mbali.

Kuhusu kuanguka baada ya mafuriko: kijito kilipojaa, maji yake yaliuegemeza ukingo huku mengine yakipenya ndani. Kiliposhuka, egemeo liliondoka upesi, lakini mfinyanzi hutoa maji polepole mno, kwa hiyo ukingo ulibaki mzito, ukisukumwa kutoka ndani na maji yaliyonaswa. Nyufa za kiangazi zilikuwa zimeshaandaa mahali pa kukatikia, na bila shaka mkondo ulikuwa umeshakula mguu wa ukingo kwa chini. Je, kuna mtu aliyenyoosha au kuchimba kijito hicho? Kunyoosha hufupisha njia ya maji na hivyo huongeza mteremko, na kwa kina kilekile cha maji, mteremko ukiongezeka maradufu, mkwaruzo wa maji kwenye sakafu ya kijito nao huongezeka maradufu.

Nyakoko wa Nyando: Kabla ya kutumia fedha, dada au kaka yangu, pima udongo. Upo mfinyanzi wenye sodiamu nyingi ambao husambaratika hata katika maji yaliyotulia, na huo huchimbwa mashimo ya chini kwa chini hadi korongo linafunguka ghafla. Chukua tonge dogo lenye unyevu wake wa asili, ulitie taratibu katika glasi ya maji safi ya mvua, usikoroge, na utazame kwa saa moja. Ukiona wingu kama maziwa likitanda pembeni mwa tonge, sodiamu ndiyo adui, na jasi husaidia kwa sababu kalsiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu.

Mlinzi wa Vyanzo: Naomba niongeze jambo lisilopendeza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mistari uliyoipoteza huenda ilikuwa ndani ya eneo hilo.

Mkulima wa Bondeni: Nimepima mara mbili. Tonge lenye unyevu halikutoa wingu. Lile lililokaushwa juani lilimeguka vipande ndani ya dakika chache, lakini maji yakabaki angavu. Kijito kilinyooshwa miaka miwili iliyopita, na mahindi yalikuwa mita 10 tu kutoka ukingoni.

Fundi Mifereji: Basi jasi haihitajiki, tatizo ni kukauka na kulowa, pamoja na huko kunyooshwa. Rudi nyuma, uache nyasi na matete yafunike ukingo ili jua lisiupasue, uchonge mteremko wake uwe wa kulala, na uulinde mguu wake kwa mawe. Ng'ombe wapitishwe njia nyingine. Suala la mkondo ulionyooshwa lipelekeni kwenye ofisi ya bodi ya maji ya bonde la mto mkiwa kijiji kizima, kwa kuwa ukiimarisha upande wako peke yako, maji yatahamia kwa jirani.