Naombeni ushauri: Canter ya 4D33 haiwaki, ipo Tandahimba, ninunue au niache?

Mzigo_Newala: Wakuu, habari za jioni. Natafuta gari ya kutoa korosho vijijini kupeleka ghalani msimu ujao, na mzigo mwingine Newala hadi Mtwara mjini. Nimepata Mitsubishi Canter, injini 4D33, imepaki nje Tandahimba tangu kabla ya mvua. Mwenyewe anasema ni betri tu. Anataka milioni 12, wakati nilizoziona zinatembea ni 20 kwenda juu. Ukipiga starta inalia "tak", taa za dashibodi zinafifia, basi. Nimwamini?

Spana17: Kama ni betri tu, kwa nini asinunue mbili akauza kwa bei ya zinazotembea? Kuna jambo analijua au analihofia. Ila usikate tamaa, kapime.

Usianze na ufunguo. Chomoa dipstiki: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Ikiwa imepita alama ya juu na inanuka dizeli, kuna uvujaji kwenye pampu ya dizeli au nozeli (vinyunyizio vya dizeli). Rejeta isiwe na mafuta yanayoelea. Kisha weka gia nyutro, tia soketi kwenye nati ya puli ya kranki, uzungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Hapo silinda zote nne zinapita kwenye mkandamizo, yaani pistoni inapobana hewa, kwa hiyo utasikia uzito mara nne, na ulingane. Ikigoma ghafla, usilazimishe. Gari iliyokaa mvuani inaweza kuwa na maji juu ya pistoni, na maji hayabanwi. Ukipiga starta unapinda mkono wa pistoni. Nozeli zote zitoke kwanza ndipo izungushwe.

Umeme24: Nenda na betri zako mbili za volti 12, ukubwa mmoja, zimejaa chaji. Canter nyingi za aina hiyo ni volti 24: chanya ya moja inaungwa na hasi ya nyingine. Usikubali kubusti kwa Noah, hiyo ni volti 12. Gari ikiwa imetulia mita isome 25 hivi, na starta ikizunguka isishuke chini ya 19. Volti zikibaki juu na bado ni "tak" tu, tafuta kwenye starta na waya zake. Kama gari ilifanya kazi pwani, chumvi imeshakula vichwa vya waya, hasa ule wa hasi unaokamata chesisi na injini. Kwangua mpaka ung'ae kabla ya kuilaumu starta.

Spana17: Ikishazunguka kwa kasi, mtu mmoja apige starta sekunde 10, mwingine atazame bomba la moshi. Pasipo moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye silinda. Moshi mweupe maana yake dizeli inafika lakini haiungui: mkandamizo mdogo, nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza, au pampu imefungwa vibaya. Kwa joto la kusini, mtu akisingizia plagi za kupashia moto usimsikilize sana.

Dizeli isipofika, usihangaike na tenki lake. Limekaa, lina maji na kutu. Weka lita 5 za dizeli safi kwenye dumu, chomeka mpira wa kuvutia humo, badili filta, piga pampu ya mkono huku umelegeza skrubu ya kutolea upepo mpaka mapovu yaishe. Kisha legeza nati za mabomba kwenye nozeli, piga starta, kaza zikianza kutema. (Hii ni kwa pampu ya kimakanika tu. Kamoni reli, yaani mfumo wa dizeli wa kisasa unaoongozwa na kompyuta, usilegeze bomba hata moja, presha yake inapasua ngozi.) Angalia pia kama wenzo wa kuzimia kwenye pampu umekwama upande wa kuzima. Gari inaweza kukataa kuwaka kwa hilo tu, na ndiyo bahati unayoiombea.

Ikikataa bado, pima mkandamizo kwa geji ya dizeli. Ya petroli haifiki. Bar 25 na zaidi ni salama. Chini ya 20, au silinda moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya 4, hesabu ovaholi. Gari ya hivyo hata ikiwaka, kilima cha kupanda Newala na mzigo itakuaibisha.

DifuNzito: Mnaongelea injini tu. Chungulia chesisi karibu na hanga za springi, ugonge kwa nyundo: kutu nene inatoa sauti butu. Breki za ngoma zikikaa zinaganda, na klachi hunata kwenye flaiwili. Tairi zote sita soma tarakimu nne za mwisho: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Namba ya injini na ya chesisi zifanane na kadi, jina la kadi liwe la anayekuuzia, na TRA wathibitishe kabla ya hela kutoka. Mimi naona milioni 12 ni nyingi.

Mzigo_Newala: Nimempigia. Anasema twende na trekta, tuivute kwa kamba hadi iwake.

DifuNzito: Kataa. Injini ikiwa imezima, breki hazina msaada wa vakyumu, na kwa kamba utamgonga aliyekuvuta. Kama kuna maji kwenye silinda, trekta halitasikia uzito, litavunja tu.

Spana17: Akikataa upime na betri zako, achana naye. Akikubali lakini isiwake, ihesabu kama haina injini: uliza bei ya 4D33 iliyotumika, ongeza usafiri kutoka Dar, ufundi, betri, tairi na kuikokota kwa chuma, uvitoe vyote kwenye ile 20. Kisha toa kitu kwa ajili ya usumbufu wako. Sidhani utabaki na 12.

Mzigo_Newala: Asanteni wakuu. Jumamosi naenda na fundi, betri na dumu.

Spana17: Beba na kipande cha plaiwudi kinachoziba mdomo wa kuingizia hewa. Pampu iliyokaa inaweza kuganda ikiwa wazi. Injini ikiwaka itapaa mizunguko na ufunguo hautaizima. Fungua bomba la hewa mapema, mtu asimame tayari na plaiwudi, si mkono.