i7 ya laptopu inapigwa na i5 ya desktopu, hii imekaaje wakuu?

picha_mbagala:
Habari za jioni wakuu. Mi nashuti na kuediti video za harusi na sendofu, laptopu yangu prosesa yake (ule ubongo wa kompyuta) ni i7-7500U, ramu 16, SSD. Kuna mshkaji wangu Sinza ana desktopu used aliyochukua Kariakoo, ina i5-7500, ramu 16 vilevile, SSD vilevile, hata kadi ya picha ya pembeni hana. Juzi kwetu umeme ulikatika na bi harusi ananipigia kila dakika, ikabidi nibebe faili niende kurenda (kuitoa video iliyokamilika) kwake, lisaa limoja na dakika kumi kazi imeisha. Nimerudi nyumbani nikasema ngoja nijaribu faili lilelile kwangu, limekula masaa mawili na nusu, feni inalia kama bajaji iliyobeba watu watano. Sasa i7 si iko juu ya i5? Tena zote 7500. Au niliuziwa feki?

wati_kwanza:
Feki hamna hapo mkuu, Intel wenyewe ndo walivyozipa majina na watu wengi wamenaswa humo. Shida ni hiyo herufi U huko mwishoni. U ni za laptopu nyembamba, zimetengenezwa zile umeme kidogo ili chaji ikae. i7-7500U ina kori 2 tu, yaani vibarua wawili ndani ya prosesa. Ukifungua Task Manager utaona 4 kwa sababu kila kori inajigawa mara mbili, ila wanaobeba gunia ni walewale wawili. i5-7500 ya mshkaji wako ina kori 4 za ukweli, halafu yake imepangiwa wati 65, yako wati 15.

Kasi nayo, yake inaanzia 3.4 GHz inapanda hadi 3.8. Yako inaanzia 2.7 na imeandikwa inafika 3.5, na kweli inafika, ila kwa muda mfupi, ikishapata moto inajishusha yenyewe isije ikaungua. Ndo maana ukifungua Word au ukiperuzi huoni tofauti yoyote, kazi ya sekunde mbili inaisha kabla joto halijapanda. Kurenda lisaa zima ndo mbivu na mbichi zinajulikana.

dada_wa_ramani:
Naomba nipinge kidogo maana naona tunaelekea kusema laptopu zote ni toto. Angalia na kizazi, yaani toleo la prosesa. 2017 hiyohiyo Intel walitoa i7-8550U, wati 15 zilezile lakini kori 4, kwa hiyo herufi peke yake haitoshi, fungua uone kori ngapi. Na zipo za H na HX, nene, feni mbili, chaja kama tofali. i9-13980HX ya laptopu ina kori 24 sawasawa na i9-13900K ya desktopu, tofauti moja imepewa wati 55 za kuanzia na nyingine 125.

Mfano mzuri kwangu ni M1 ya Apple ya 2020, chipu ileile wameiweka kwenye MacBook Air isiyo na feni kabisa na kwenye Mac mini yenye feni. Kazi fupi zinakwenda sare, kazi ndefu Air inaanza kupunguza mwendo. Joto tu hilo. Sasa we kaa chumba cha bati mwezi wa pili hapa Dar halafu laptopu umeiweka juu ya godoro, unategemea nini?

picha_mbagala:
Godoro umeniotea dada 😂

wati_kwanza:
Hahaa. Basi anza na ya bure, itoe kitandani, fundi aifungue apige vumbi abadilishe na pesti (ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa), chomeka chaja ukiwa unarenda na uweke ile modi ya nguvu zote. Kwenye eksipoti angalia kama Quick Sync (sehemu ya prosesa ya Intel ya kuharakisha video) imewashwa, prosesa zenu zote mbili zinayo, inaweza kukuokolea muda mwingi. Ila kori mbili zitabaki mbili, hapo hamna fundi.

kkoo_mtaani:
Ukija Kariakoo kutafuta desktopu kuwa makini na zile ndogo za kubeba mkononi, nyingi zina herufi T. i5-7500T ina kori 4 ila wati 35, inaanzia 2.7 GHz. Muuzaji atakwambia "i5 seveni jeni", yaani kizazi cha saba, na hadanganyi, ila sio mashine ya mshkaji wako. Mwambie aiwashe, usome jina lote mpaka mwisho. Mi ningekupa i5-8500, hiyo ina kori 6, na Windows 11 inaikubali rasmi, za kizazi cha saba zenu hizo hapana.

picha_mbagala:
Asanteni sana. Kinachonitia wasiwasi ni LUKU, na umeme ukikata katikati ya kurenda je?

kkoo_mtaani:
LUKU usiogope, pasi ya mkeo inakula zaidi. Kukatika ndo kesi, tenga hela ya UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), hata ya dakika kumi inatosha kusevu na kuzima vizuri. Na laptopu usiiuze, utakatia nayo video ukumbini, mzigo wa kurenda unaupeleka nyumbani.

picha_mbagala:
Poa, jumamosi nashuka Kariakoo. Bi harusi mwenyewe bado hajamalizia hela yangu lakini, tuone.