Mrejesho: Probu ya ultrasaundi yenye mstari mweusi (Moshi)

Wakuu, niliuliza kuhusu probu (kifaa cha mkononi cha mashine ya ultrasaundi kinachogusishwa mwilini ili kupata picha) ya kituo chetu hapa Moshi: picha ilikuwa na mstari mweusi wima na mpira wa uso wa probu umeanza kupasuka. Asanteni sana mliojibu.

Kusafisha probu kwa spiriti tumeacha kabisa. Jeli inafutwa kwa kitambaa laini mara mgonjwa anaposhuka kitandani, kisha tunaipaka probu dawa ya kuua vijidudu iliyoruhusiwa na mtengenezaji wake. Probu ya ukeni, hata ikivalishwa kondomu, inalowekwa kwenye dawa kali ya kuua vijidudu kila baada ya mgonjwa, plagi ya kuchomeka kwenye mashine ikibaki nje. Dada aliyelisisitiza hili, Mungu ambariki.

Mstari haukuondoka. Fundi anasema baadhi ya fuwele za ndani, zinazotoa na kupokea mawimbi ya sauti, zimekufa, na mpasuko usizibwe kwa gundi, maana umeme unaweza kumfikia mgonjwa. Probu hiyo tumeitoa kazini. Ya pili, tunayoitunza hivi, iko safi.