Mzee anastaafu Uingereza, anarudi Mikindani: vyombo vya ndani vinaingiaje bila ushuru?

Shangani_Mtwara:
Habari wadau. Mzee wangu anastaafu Uingereza mwishoni mwa mwaka, anarudi kukaa moja kwa moja Mikindani. Ana vyombo vya nyumba nzima: makochi, vitanda, friji, mashine ya kufulia, cherehani ya bi mkubwa, na gari dogo. Nasikia anayehamia halipi ushuru. Kampuni ya kufungasha inataka kutanguliza kontena, yeye afuate baada ya miezi miwili. Ndugu nao wanasema B/L (hati ya mzigo wa meli) iandikwe jina langu kwa kuwa nipo hapa na nina TIN (namba ya mlipakodi). Na mzigo ushuke Dar au Mtwara?

Mingoyo Njiapanda:
Kataa yote mawili, kontena kutangulia na jina lako kwenye B/L. Msamaha uko kwenye Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, na anayesamehewa ni msafiri anayehamisha makazi. Mzigo wenye jina lako unahesabika umeuagiza wewe, na wewe hujahama popote. Hapo utakadiriwa kwa CIF (thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli ya meli): ushuru wa samani 35%, bidhaa nyingi nyingine zilizokamilika 25%, kisha VAT 18% juu ya jumla ya CIF na ushuru. Jina kwenye B/L, orodha ya vitu na pasipoti lifanane hadi herufi. TIN achukue ya kwake.

Siku zinaanza kuhesabiwa pasipoti ikigongwa muhuri wa kuingia. Kuanzia hapo mzigo una siku 90. Kamishna wa forodha anaweza kuongeza, mwisho siku 360 tangu mzee afike, ila barua ya kuomba ipelekwe kabla hizo 90 hazijaisha. Mzigo ukimtangulia utalipia storeji ya bandari na demareji ya wenye meli (faini ya kuchelewesha kontena lao) kwa pamoja, huku tamko la mzigo kwa forodha likitakiwa ndani ya siku 21 tangu meli ianze kupakua. Afike yeye kwanza, wiki mbili tatu kabla ya meli. Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi za Ulaya zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika, safari ikawa ndefu zaidi, kwa hiyo usipange safari kwa tarehe za zamani.

Vitu viwe vilitumika nyumbani kwake kule. TV ya sebuleni haina neno. TV tatu kwenye maboksi yasiyofunguliwa ni biashara machoni pa afisa. Zawadi za kugawia ukoo hazimo. Wanachoponzeka nacho wengi ni vitambaa: jora la pazia au kitambaa chochote cha kukata kimetajwa waziwazi kuwa hakisamehewi. Pombe kali lita 1 au mvinyo lita 2, tumbaku gramu 250, basi.

Gari ni moja tu, awe amelimiliki na kulitumia miezi 12 au zaidi, siku za baharini hazihesabiwi. Akija kuliuza, ushuru unaweza kudaiwa.

Mchinga2:
Kuhusu bandari: Mtwara kina kipo, tatizo ni ratiba. Meli za kontena zinafuata korosho, kwa hiyo uliza wakati wa msimu, tena kwa kontena zima. Mzigo wa kuchangia kontena panga Dar.

Kontena la futi 20 ni kama mita za ujazo 33, ila kwa samani hesabu 27 hivi, maana makochi hayapangiki. Gari likiingia humo linakula zaidi ya nusu. Mzee atahitaji futi 40.

Ukishushia Dar, usivute kontena hadi Mikindani. Ni kilomita 560 hivi, na tupu utalirudisha kwa gharama yako. Hamishia mzigo kwenye Fuso ya bodi palepale Dar. Epuka masika: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika Somanga na magari yakalala njiani.

Shangani_Mtwara:
Asanteni sana wakuu. Orodha ya kampuni inasema tu "vyombo vya nyumbani, boksi 60". Inatosha?

Mingoyo Njiapanda:
Haitoshi, hiyo ni kujiitia ukaguzi wa boksi moja moja. Andikeni hivi: "Boksi namba 14: sufuria 6, sahani 18, blenda 1, vimetumika", na thamani ya kila kitu kama kingeuzwa mtumba leo. Vya umeme viandikiwe namba ya mashine. Ambatisha barua ya pensheni na bili zenye anwani yake ya kule. Wakala wa forodha awe na leseni ya TRA (mamlaka ya mapato).

Mchinga2:
Umeme wa kule ni volti 230, hezi 50, na plagi ya pini tatu kama yetu, kwa hiyo mashine zitafanya kazi. Friji ikiwa na kibandiko cha R12 nyuma, iacheni, gesi hiyo imepigwa marufuku. Mashine ya kufulia imwagwe maji yote. Godoro lisibanwe kwa nailoni, kontena hutoa jasho na ukungu huanzia hapo. Tundikeni mifuko ya kunyonya unyevu. Na nguo zisitiwe kwenye mifuko ya plastiki ya dukani, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.