Tupeane uzoefu: wenye ndugu Wafransisko ughaibuni, wanaishije huko?

Kijana wa Shangani (Mtwara)
Wakuu, habari za jioni. Huku Kusini sisi ni watoto wa shirika la watawa Wabenediktini. Lukuledi, Nyangao, Ndanda, kote walipita wao, kwa hiyo kijana akisema anakwenda kwa Wafransisko, watawa wa Mt. Fransisko wa Asizi, swali la kwanza nyumbani ni "ndio akina nani hao?" Siku hizi tunao ndugu waliovaa kanzu ya kahawia na kamba ya mafundo matatu (umaskini, utii, useja), wametawanyika Italia, Nchi Takatifu na kwingine. Mlioko huko au mliowatembelea, tuelezeni maisha yenyewe: sala, kazi, na hizo picha tunazoziona kwenye kalenda. Mahubiri tunayapata Jumapili.

Bruda wa Masasi
Tumsifu Yesu Kristo. Niliwahi kukaa La Verna, mlima wa Toscana, Italia, ambako Mt. Fransisko alipokea madonda matakatifu (alama za majeraha ya Yesu) mwaka 1224. Kila siku saa tisa alasiri ndugu hutoka kanisani kwa maandamano, wakiimba, hadi kikanisa cha Madonda, wakipita korido ndefu ambayo ukuta wake umechorwa maisha yake. Nasema kila siku, si Ijumaa Kuu tu. Januari theluji inapiga, mtu wa Masasi umevaa soksi juu ya soksi na bado unaimba. Wazee wa nyumba husimulia kwamba zamani, dhoruba moja ilipopiga, ndugu waliacha kwenda. Asubuhi wakakuta nyayo za wanyama wa porini kwenye theluji, zimeelekea kikanisani. Ichukulieni kama hadithi ya wazee, ila sijaona bruda akitegea.

Picha za kalenda: pale kuna kazi za Andrea della Robbia, udongo uliochomwa na kupakwa rangi ya kung'aa, watu weupe juu ya buluu. Zimepita miaka 500 na zinawaka kama bakuli lililooshwa sasa hivi. Rangi ya kawaida ingeliwa na ule unyevu wa mlimani.

Mama wa Chikongola
Milele amina, bruda. Samahani mwanangu, kuna swali watu wanalizunguka: na euro je? Maana hapa mtaani mtawa akipanda ndege tu, ndugu wanaanza kuhesabu mabati.

Bruda wa Masasi
Shikamoo mama. Kanuni yetu, ile aliyoithibitisha Papa Honorio III mwaka 1223, sura ya 4 inakataza ndugu kupokea fedha. Siku hizi nyumba ina akaunti na mtunza fedha wake, lakini mimi binafsi hata nauli ya basi naiomba. Mabati wasahau.

Dada wa Padre (Newala)
Hili la fedha lilileta maneno kwetu, nalijua. Lakini kulikuwa na kubwa zaidi. Kaka yangu ni Mfransisko, yuko Palermo, Italia. Kwetu Wamakonde, kwa mila ya zamani, mtoto ni wa upande wa mama na mjomba ndiye msemaji wake. Basi nadhiri ya kutooa haikuwatisha wazee hata kidogo: ukoo unaendelea kwa sisi dada zake. Kilichowauma ni umbali. Posa ya binti yangu ilisimama, wageni wamekaa mkekani na soda zinapata moto, tunasubiri mjomba atoke Masifu ya Jioni apige simu. Alipopiga alizungumza vizuri kuliko wajomba wengine waliokaa pale pale.

Anatusimulia habari za Mt. Benedikto wa Palermo. Wazazi wake walikuwa Waafrika, watumwa huko Sicilia. Yeye alikuwa mpishi wa konventi, yaani nyumba ya watawa. Ndugu wakamchagua awe mkuu wao ingawa hakujua kusoma, na muda wake ulipokwisha akarudi jikoni. Alifariki 1589, akatangazwa mtakatifu 1807. Bibi mmoja wa pale humwambia kaka amefanana naye. Nimeona sanamu: hawafanani popote, ni rangi tu.

Mwanakwaya wa Majengo
Nilikwenda hija Asizi, mji wa Mt. Fransisko kule Italia, ndugu yangu mtawa akatupokea. Basilika la juu lina picha 28 za maisha ya Fransisko, wengi husema ni mkono wa mchoraji Giotto. Tetemeko la Septemba 1997 lilibomoa sehemu ya dari, likaua watu wanne, wawili wao watawa. Wataalamu waliokota vipande vya picha, vingine vidogo kama ukucha, wakaanza kuviunganisha, na kanisa likafunguliwa tena 1999.

Ndugu yangu alisema siku ya kwanza wenzake kutoka nchi nyingine walishangaa ukuta mzima unasimulia Injili. Yeye hakushangaa, kakulia kanisa la Mt. Paulo Majengo, hapa Mtwara, ambako Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini Mjerumani, alijaza kuta kwa picha za Biblia. Mimi naona zetu zimechangamka zaidi, mniwie radhi. Wageni Asizi wanapita na simu juu, nusu saa wametoka. Ndugu yangu yuko pembeni anaungamisha.

Mtu wa Mikindani
Asalaam alaikum. Mimi Muislamu, lakini nilisoma sekondari na kijana ambaye sasa ni Mfransisko, Yerusalemu. Kila Ijumaa alasiri wao ndio wanaongoza Njia ya Msalaba kwenye vichochoro vya mji wa kale, katikati ya maduka ya viungo. Halafu wapo wanaolala ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu. Usiku mlango unafungwa kwa nje, na ufunguo wake unatunzwa na familia ya Kiislamu toka enzi. Ndiye aliyenieleza kwamba Fransisko mwaka 1219, Vita vya Msalaba vikiendelea, alivuka hadi kwa Sultani al-Kamil kule Misri, wakazungumza, akarudi salama. Idi hanisahau, ujumbe unaingia kabla ya wa ndugu zangu.

Kijana wa Shangani
Waalaikum salaam. Nimepata zaidi ya nilichoomba. Bado wenye ndugu Brazil, na masista Waklara, wa familia hiyo hiyo ya Mt. Fransisko. Na kuna dogo kaniuliza pembeni, akitaka kujiunga anapelekwa Italia moja kwa moja?

Bruda wa Masasi
Hapana. Malezi yanaanzia hapa hapa nchini. Unovisi peke yake, kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri, ni mwaka mzima. Huko nje wanakwenda wanaotumwa, na wapo wengi ambao hawatumwi kamwe.

Mama wa Chikongola
Na likizo? Anaweza kuja msimu wa korosho?

Bruda wa Masasi
Likizo wanapanga wakuu, mama. Korosho mtaokota wenyewe.