Je, mpwa wangu alitenda dhambi kwa kukubali upasuaji wa mimba iliyotunga kwenye mrija?

Mama Nyalenda, Kisumu

Bwana asifiwe, wapendwa. Miezi miwili iliyopita mpwa wangu, niliyemlea mwenyewe na aliyefunga ndoa kanisani mwaka jana, alikuwa jikoni kwangu akichambua omena aliposhikwa na maumivu makali upande mmoja wa tumbo, akauegemea ukuta na kuteremka polepole hadi sakafuni. Hospitalini picha ilionyesha kwamba mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija wa uzazi, na mrija ulikuwa umeanza kupasuka. Alipasuliwa usiku uo huo.

Sasa mzee mmoja wa kanisa letu ameamua kwamba kutoa mimba ni kutoa mimba, na kwamba binti huyu asishiriki Meza ya Bwana mpaka atubu hadharani. Jumapili iliyopita sahani ya mkate ilimpita akiwa ameinamisha kichwa, na karatasi ya hospitali ameikunja ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Mimi naamini kwa moyo wote kwamba mtoto aliye tumboni ni kiumbe cha Mungu, na Zaburi ya 139 nimeifundisha kwa miaka mingi. Ndiyo maana nauliza: atubu nini?

Katekista, Kakamega

Tumsifu Yesu Kristo, mama. Mpe binti pole zangu, kwa maana amefiwa.

Kanisa Katoliki halilegezi kamba katika jambo hili. Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, yalikataza kumwua mtoto kwa kutoa mimba, na Papa Yohane Paulo wa Pili alilirudia katazo hilo mwaka 1995 katika waraka wake Evangelium Vitae. Hata mwanateolojia wetu wa kale Tomaso wa Akwino, aliyedhani kwamba roho ya kibinadamu humwingia mtoto baada ya mwili kuumbika, hakuhalalisha kutoa mimba. Lakini kinachokatazwa ni kuukusudia uhai wa mtoto, iwe kama lengo au kama njia ya kufikia lengo jingine. Daktari anayeondoa mrija unaopasuka anatibu kiungo kilichoharibika ili mama asife kwa kuvuja damu, na kifo cha mtoto kinafuata bila kutakwa na bila kuzuilika. Wanateolojia wetu bado wanabishana kuhusu kutumia dawa badala ya kisu, ila kuondoa mrija wa namna hiyo kumekubalika kwa muda mrefu. Mzee wenu amechanganya mambo mawili.

Msabato, Kisii

Nakubaliana na katekista, ingawa nina hofu moja ambayo sitaificha: visa vya namna hii hutumiwa na watu wanaotaka kuhalalisha kila utoaji mimba, na kanisa likinyamaza, mtoto hukosa mtetezi. Hata hivyo, tamko letu la mwaka 2019, ambalo linautetea kwa nguvu uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa, linatambua kwamba zipo hali adimu za kitabibu ambapo uamuzi huachiwa dhamiri ya wahusika na familia zao. Ya mpwa wako ni mojawapo.

Muuguzi, Nakuru

Dada yangu, mtoto aliyetunga kwenye mrija hawezi kuhamishiwa ndani ya mji wa mimba kwa utaalamu wowote tulio nao, na mrija ukipasuka mama anaweza kufa kwa saa chache. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 26, inasema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha kifungu hicho hicho kinaruhusu tiba pale ambapo maisha au afya ya mama imo hatarini. Niliwahi kumpokea mama aliyefika mikono yake ikiwa baridi kama maji ya mtungi, amekaa na maumivu siku mbili nyumbani kwa sababu aliogopa washirika wenzake wangesema ametoa. Mwambieni mzee huyo kwamba maneno yake yanasikiwa na wanawake wengine waliokaa kwenye mabenchi.

Mama Nyalenda, Kisumu

Asanteni sana. Nimemsomea mpwa wangu majibu yenu yote, na kesho tutakwenda pamoja kwa mchungaji tukiwa na ile karatasi. Ameniomba niwaulize neno moja tu: katika makanisa yenu, mtoto asiye na kaburi huombewa vipi?

Katekista, Kakamega

Sisi humkabidhi kwa huruma ya Mungu, mama, na wazazi wakimpa jina, tunamtaja kwa jina hilo.